Kipimo cha dawa mtoni: miaka 70 baada ya Clark

Mwaka 2026 inatimia miaka 70 tangu Mmarekani Leland Clark atangaze elektrodi yake ya oksijeni, mzazi wa vihisi vya vimeng'enya. Chanzo chake kilikuwa makala iliyokataliwa. Clark alikuwa ameunda chombo cha kutia damu oksijeni. Mhariri wa jarida akaikataa taarifa yake kwa kuwa hakuweza kupima oksijeni ya damu iliyotoka humo. Hakununa. Alichukua selofeni ya pakiti ya sigara, akafunika nayo ncha ya platinamu ili damu isiichafue, kisha akahamia plastiki ya polietilini. Mwaka 1962 yeye na Champ Lyons wakaongeza kimeng'enya cha glukosi: sukari ikizidi, oksijeni hupungua, na umeme hutaja kiasi. Mwaka 1973 ikaja elektrodi ya penisilini, iliyotumia kimeng'enya ambacho bakteria sugu huvunjia dawa hiyo. Kinachopimwa ni asidi inayozalika. Tangu hapo watafiti wanahangaika kunasa mabaki madogo zaidi ya dawa kwa chembe za kaboni na za dhahabu.

Historia hii imefuata pesa. Mgonjwa wa kisukari hununua vipande vya kupimia. Mto haununui kitu. Ndiyo maana kipimo cha sukari kimefika famasini, ilhali vihisi vya kutafuta parasetamoli au antibiotiki majini vingi vimebaki maabarani. Utafiti wa mto Nairobi uliochapishwa 2012 ulikuta mabaki ya dawa, lakini kwa mashine za bei ya kutisha. Wapo watakaosema kimeng'enya huharibika kwa joto. Vipande vya sukari vimeshajibu: kikikaushwa, hukaa kwenye rafu bila friji, hadi nyuzi 30. Pingamizi zito zaidi ni kwamba lakasi, kimeng'enya kinachotumika kutambua parasetamoli, huitikia pia fenoli nyingine za maji machafu. Kweli, basi kihisi kisihukumu, kichuje tu: sampuli yenye shaka ndiyo isafirishwe maabara kubwa. Na anayesema tushughulikie kipindupindu kwanza akumbuke kuwa kikikolea nacho hutibiwa kwa antibiotiki, na mabaki yake majini huzoesha vijidudu. Mkoani Ituri, Chuo Kikuu cha Bunia kianze kupima antibiotiki ya amoksilini peke yake, kwenye maji machafu ya hospitali ambako mabaki hutarajiwa kuwa mengi, kabla ya kushuka mto Nyamukau.