Kiti cha kurukia cha mtoto

Kiti cha kurukia ni kifaa kisichohama cha mtoto ambaye hajaanza kutembea: kikalio cha kitambaa kilichoning'inizwa kwa springi kwenye fremu yenye vitu vya kuchezea. Hakina magurudumu, tofauti na kigari cha kujifunzia kutembea, ambacho Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004. Humfaa mtoto ambaye shingo yake imekaza, kwa kawaida kuanzia miezi 4 hadi 6, mpaka aanze kutembea au afikie uzito wa mwisho uliowekwa na mtengenezaji, mara nyingi kilo 11 hivi. Kimo chake hurekebishwa ili vidole vya miguu viguse sakafu. Dakika 10 hadi 20 kwa mara moja zinatosha, mtu mzima akiwa karibu. Hakimharakishi mtoto kutembea. Misuli huimarika zaidi anapocheza mkekani.