Neno la leo: Kukomboa

Kukomboa, kwa maana yake ya asili, ni kutoa malipo ili kurudisha kilichowekwa rehani au mtu aliyetekwa. Anayekomboa ndiye anayelipa. Hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, vita vimeligeuza neno hilo. Oktoba 1996 mji ulitwaliwa na AFDL, muungano wa waasi uliobeba "ukombozi" ndani ya jina lake, na kambi za wakimbizi za bonde la Ruzizi zikasambaratika. Agosti 1998 wakaja waasi wa RCD. Mwaka ulipokuwa unaisha, raia wengi waliuawa Makobola, kusini mwa mji. Desemba 2025 waasi wa AFC/M23 nao wakatangaza kwamba Uvira imekombolewa, huku maelfu ya watu wakikimbilia Burundi. Mara zote tatu aliyelipa ni raia.

Wapo watakaosema: Rais Mobutu, aliyeangushwa na AFDL, hakuwa dhalimu kwa miaka 32? Alikuwa, na furaha ya watu alipoanguka mwaka 1997 ilikuwa ya kweli. Lakini propaganda haiishi kwa uongo mtupu. Hushika penye kidonda cha kweli. Hila yake ni hii: mtu akishaitwa mkombozi, anayemuuliza swali huonekana adui. Upande wa serikali nao una wapiganaji wanaoitwa "wazalendo", neno zuri linaloweza kumfunga mdomo raia aliyeporwa na mwenye bunduki yeyote. Basi, msomaji, redio ikitangaza kwamba mji umekombolewa, uliza kwanza: nani amelipa?