Vitufe vya Kipanya na Wepesi wa Kutumia Kompyuta: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Wilaya za Tarime na Serengeti

Kipanya cha kwanza, kilichobuniwa na Douglas Engelbart na Bill English huko California mwaka 1964, kilikuwa na kitufe kimoja. Kile kilichoonyeshwa hadharani mwaka 1968 kilikuwa na vitatu. Xerox Alto ya mwaka 1973 ilibaki na vitatu, Xerox Star ya mwaka 1981 ikapunguza hadi viwili, na Apple Lisa ya mwaka 1983 ikarudia kimoja ili mtumiaji mgeni asijiulize abofye kipi.

Hoja ya Apple ilishindwa sokoni, lakini mkoani Mara ingali na uzito. Windows 95 ilikikabidhi kitufe cha kulia menyu ambayo haionekani mpaka kibofywe, ilhali cha kushoto aghalabu hutenda juu ya kitu kilicho wazi machoni. Mwenye kompyuta nyumbani huigundua menyu hiyo kwa kubahatisha. Mwanafunzi anayeshirikiana mashine moja na wenzake hana muda huo. Hutegemea maneno ya mwalimu.

Katika miaka ya 2000, mradi wa ICT4RD, ulioshirikisha COSTECH, DIT na chuo cha KTH cha Sweden, ulijenga mtandao wa majaribio katika wilaya za Bunda na Serengeti. Mtandao uliifikisha intaneti, haukufundisha vitufe. Juhudi za lugha zilitoka kwingine: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na menyu zikasomeka kwa Kiswahili.

Hata hivyo, agizo fupi “bofya kulia” lina utata. Mwanagenzi aweza kulielewa kuwa abofye upande wa kulia wa skrini, akaupeleka mshale huko na kukibonyeza kitufe cha kushoto. “Bofya kitufe cha kulia” ni refu zaidi, lakini halipotoshi. Wilayani Tarime, kwenye mpaka wa Sirari, hata jina la mashine yenyewe hubadilika: kompyuta upande huu, tarakilishi katika vitabu vya shule vya Kenya. Kwa hiyo, sehemu ya ugumu unaohesabiwa kuwa wa idadi ya vitufe ni ugumu wa istilahi, na mtaala waweza kuupunguza bila kununua kifaa chochote.

Simu ya skrini ya kugusa haina kipanya, lakini kidole kinachokandamiza kwa muda hufungua menyu ileile iliyofichwa.