Nyumba ya Shamba la Gibb, Karatu

Nyumba hii, iliyojengwa na walowezi wa Kijerumani mnamo mwaka 1929 katika mteremko wa nje wa Ngorongoro, pale makonde ya Wairaqw yanapokoma na msitu kuanza, ilikusudiwa kuwa maskani ya mkulima wa kahawa, wala haikudhaniwa kwamba siku moja itapokea wasafiri; na la ajabu ni kwamba Wajerumani hao walilima chini ya dola ya Waingereza, maana Tanganyika ilikwisha kuwatoka mikononi tangu Vita Vikuu vya kwanza. Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939, milki za Wajerumani zilitwaliwa na serikali kuwa mali ya adui, na mwaka 1948 shamba likamwangukia James Gibb, Mwingereza aliyetoka vitani.

Mwaka 1972 yeye na mkewe, Margaret, walifungua vyumba vya wageni, katika zama ambazo nyumba za namna hiyo zilikuwa adimu huku kaskazini. Kwa rai yetu, fahari ya mahali hapa si vitanda vyake bali ni jembe, ambalo halikutupwa: mibuni ingali ikichumwa, na mboga za mezani aghalabu hutoka bustanini.

Anayependa kutembea na apande msituni, pamoja na kiongozi, hadi kwenye mapango ambayo tembo wameyachimba kwa pembe zao wakitafuta udongo wenye chumvichumvi.