Kishikwambi Kilikuja na Sensa

Hapa Mlandege, Iringa, wengi wetu hatukukijua kishikwambi kwa kukiona dukani. Tulikijua Agosti 2022, kilipobisha hodi mlangoni kikiwa mkononi mwa karani wa sensa. Kwa hiyo siwezi kusimulia habari za hiki kidogo cha bei nafuu ninachotumia sasa bila kuanza na sensa.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nilihesabu watu mwaka 2012 na tena 2022. Ile ya Agosti 26, 2012 ilikuwa ya karatasi. Madodoso yalikuwa ya kusomwa na mashine, basi karatasi iliyokunjika au kuchafuka ilikuwa kesi kwa msimamizi. Baridi ya Iringa inakata vidole, kalamu inateleza, na mama mwenye nyumba anataja wajukuu upya kwa sababu amemsahau yule aliyelala kwa shangazi yake Kihesa.

Kumbe Julai ya mwaka huohuo, huko Marekani, Google walikuwa wameanza kuuza Nexus 7 ya inchi saba kwa dola 199. Miaka miwili nyuma Steve Jobs wa Apple alikuwa amezibeza hadharani tableti za ukubwa huo, akidai hazitafika mbali. Novemba 2012 kampuni yake mwenyewe ikatoa iPad mini ya inchi 7.9. Hapo ndipo ukoo wa vishikwambi vidogo na vya bei ya chini ulipoota mizizi, na sisi bado tulikuwa tunapuliza vumbi kwenye madodoso.

Agosti 23, 2022 mambo yalikuwa mengine. Kamisaa wa Sensa alikuwa Anne Makinda, mwenzetu wa Nyanda za Juu Kusini, na karatasi zilikuwa zimewekwa kando. Swali kuu lilikuwa lilelile: nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa? Ila sasa ukiandika mtoto mwenye umri wa kumpita mama yake, kifaa kinakugomea papo hapo. Mzee mmoja, niliyefikishwa kwake na mjumbe wa shina, alikitazama sana kabla ya kuitikia shikamoo yangu.

“Kamwene, mwalimu. Hilo libao linanipiga picha?”

“Hapana, baba. Linaandika tu unayosema.”

“Basi liandike na kwamba maji hayatoki.”

Matokeo ya 2012 yalitangazwa Desemba 31, miezi minne baada ya kuhesabu: watu 44,928,923. Ya 2022 yalitangazwa Dodoma Oktoba 31, kwa miezi miwili na ushee: watu 61,741,120. Mimi nasema tofauti hiyo peke yake ililipa gharama ya mafunzo yote, ingawa wapo makarani wenzangu wanaoililia karatasi hadi leo.

Sensa ilipokwisha tulivirudisha vishikwambi, kisha Serikali ikavigawa kwa walimu. Mimi nilikuwa nimestaafu. Nikabaki na tableti kuukuu ya mwanangu, pana kama sinia, yenye Android 4.4, toleo la mwaka 2013. Ilinitosha kwa hesabu za kikoba chetu cha kuweka na kukopa, ambacho mimi ni katibu wake, mpaka Januari 1, 2025 WhatsApp ilipoacha kufanya kazi kwenye toleo hilo. Fundi simu wa hapa mtaani aliniambia ukweli: betri anaweza kubadilisha, mfumo hawezi. Kioo kizima, chaji inakaa, lakini wanakikoba hawanipati.

Hiki cha sasa ni cha inchi nane. Kinaingia kwenye mkoba pamoja na daftari la hisa, na nakishika kwa mkono mmoja nikiandika kwa mwingine, vilevile tulivyofundishwa kwenye mafunzo ya ukarani. Kamera yake ni ya kuonea aibu. Juani kioo hakisomeki. Nafasi ni GB 32, na mfumo wenyewe umeshakula sehemu kubwa, kwa hiyo picha zote naziweka kwenye memori kadi. Kwa kazi ya katibu hakijaninyima kitu.

Ukienda kununua chako, usianze na ukubwa wa kioo wala rangi ya kava. Mwambie muuzaji akiwashe, fungua mipangilio, usome namba ya Android kabla hujatoa hela.