Ziwa Tanganyika na Diplomasia ya Sayansi: Je, Mwanafunzi wa Kiswahili Ana Nafasi?

Mwanafunzi wa uzamili anapomaliza tasnifu yake ya Kiswahili, swali la kwanza analoulizwa nyumbani ni moja: "Sasa utafundisha wapi?" Swali hilo si baya. Ualimu ni kazi ya heshima, na sisi wenyewe tunaishi kwayo. Hata hivyo, swali hilo linatufanya tusahau kwamba hapa hapa Bujumbura kuna kazi nyingine inayomhitaji mtu aliyesoma lugha kwa kina, nayo ni kazi ya kuwaunganisha watafiti, serikali na wananchi. Kazi hiyo siku hizi inajulikana kwa majina ya sera ya sayansi, utetezi wa sayansi na diplomasia ya sayansi. Katika makala haya tutaieleza kwa njia ya historia, na mfano wetu ni ziwa tunaloliona kila siku.

Maana ya diplomasia ya sayansi

Mwaka 2010 taasisi ya Royal Society ya Uingereza na jumuiya ya wanasayansi wa Marekani, AAAS, zilitoa ripoti iliyogawa dhana hii katika mafungu matatu. La kwanza ni sayansi kuwashauri wanadiplomasia. La pili ni diplomasia kuwafungulia njia watafiti wa nchi mbalimbali wafanye kazi pamoja. La tatu ni sayansi kuwa daraja kati ya nchi ambazo uhusiano wao umeharibika. Jina ni jipya kiasi, lakini Ziwa Tanganyika lilikuwa limekwisha kuyaona mafungu yote matatu kabla ya ripoti hiyo kuandikwa.

Ziwa moja, nchi nne

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina. Nchi nne zinaligawana: Kongo ina takribani asilimia 45 ya eneo lake, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Samaki hawaujui mpaka, na uchafu unaotoka mto mmoja hauishii kwenye maji ya nchi moja. Kwa sababu hiyo, hakuna nchi inayoweza kulitunza ziwa hili peke yake.

Mwezi Machi 1991 wataalamu walikutana hapa Bujumbura katika mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu hifadhi na bioanuwai ya Ziwa Tanganyika. Kutokana na mawazo ya mkutano huo ulizaliwa mradi wa bioanuwai wa ziwa, uliofanya kazi kuanzia mwaka 1995 hadi 2000 kwa fedha za Mfuko wa Mazingira Duniani. Tuikumbuke miaka hiyo ilivyokuwa. Burundi ilikuwa vitani tangu 1993. Mwaka 1996 majirani waliiwekea nchi yetu vikwazo vya uchumi, na mwaka huohuo vita vikaanza Kongo, kisha vikarudi tena mwaka 1998. Pamoja na hayo yote, wataalamu wa nchi nne waliendelea kukaa meza moja na kuzungumzia mchanga unaosombwa na mito, samaki na uchafuzi wa maji.

Matunda yake yalionekana Juni 12, 2003, siku nchi nne zilipotia saini mjini Dar es Salaam Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika. Mkataba ulianza kutumika mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake makuu yako Bujumbura.

Watafiti vijana na swali la lawama

Miezi miwili tu baada ya saini hizo, Agosti 2003, jarida la Nature lilichapisha makala ya Catherine O'Reilly na wenzake. Mtafiti huyo alianza kulichunguza ziwa hili akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Arizona. Mwaka huohuo kundi jingine, likiongozwa na Piet Verburg, lilitoa matokeo yanayofanana katika jarida la Science. Hoja yao inaelezeka kwa urahisi. Upepo wa kiangazi huyasukuma maji ya juu, na maji ya chini yenye rutuba hupanda. Rutuba hiyo hulisha mimea midogo sana ya majini, mimea hiyo huwalisha wadudu wadogo wa majini, na hao huliwa na ndagala. Joto linapoongezeka, maji ya juu huwa mepesi zaidi na hayachanganyiki vizuri na ya chini. Kundi la O'Reilly lilikadiria kwamba uzalishaji wa mimea hiyo huenda umepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi.

Hapa ndipo sayansi inapoingia katika siasa. Ikiwa samaki wanapungua, nani alaumiwe? Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walichunguza matope ya chini ya ziwa na kuonyesha kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza. Hii haina maana kwamba nyavu hazina kosa. Maana yake ni kwamba mvuvi anayeambiwa tu "ninyi ndio mnaomaliza samaki" ameelezwa nusu ya ukweli, na mtu aliyeelezwa nusu ya ukweli haoni sababu ya kutii sheria nzima.

Lugha ilikuwa wapi?

Mkataba wa 2003 uliandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Makala za Nature na Science ziliandikwa kwa Kiingereza. Lakini nenda Rumonge, nenda Uvira, Kalemie au Kigoma, ukae na wavuvi ufukweni asubuhi boti zinaporudi. Lugha inayowaunganisha wavuvi hao ni Kiswahili.

Hata hivyo, Kiswahili hicho nacho kina mitego yake. Samaki wadogo tunaowaita ndagala hapa kwetu ni dagaa kwa watu wa Kigoma na kapenta kwa watu wa Mpulungu. Mukeke wetu ni mgebuka kwa Mtanzania na bukabuka kwa Mzambia. Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi ulisimamishwa ziwani kwa makubaliano ya nchi hizo nne ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Fikiria tangazo la namna hiyo likitaja jina moja tu la samaki, au likijaa maneno kama "bioanuwai" na "usimamizi endelevu" bila maelezo. Kwa familia inayokula kutokana na ziwa, miezi mitatu si jambo dogo, na ina haki ya kuelewa kwa nini.

Julai 7 imekuwa Siku ya Kiswahili Duniani kwa uamuzi wa UNESCO wa Novemba 2021, na Februari 2022 Umoja wa Afrika uliipokea lugha yetu kuwa lugha ya kazi. Tunafurahi. Lakini heshima hiyo haitafsiri hata ukurasa mmoja wa mkataba. Kazi hiyo inatusubiri sisi.

Milango ya kubisha

Mbali na Mamlaka ya Ziwa, hapa Bujumbura ipo Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, pamoja na Sekretarieti ya Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu. Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika Mashariki iko Kigali, Tume ya Kiswahili iko Zanzibar, na Baraza la Vyuo Vikuu liko Kampala. Burundi imo katika Jumuiya tangu 2007, kwa hiyo hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni ya wageni kwetu.

Mwanafunzi ajiandae vipi? Kwanza, asikiache Kifaransa wala Kiingereza, maana mtafsiri hana kazi kama ana lugha moja. Pili, ajifunze misingi ya sayansi ya jambo analolitafsiri, na asione haya kumwendea mwenzake wa kitivo cha sayansi. Tatu, azoee kuandika muhtasari wa kurasa mbili ambao waziri ataumaliza na mvuvi atauelewa. Nne, tasnifu yake iguse mahitaji haya: istilahi za uvuvi katika nchi nne, kwa mfano, bado ni shamba pana.

Kwa walimu wenzetu tuna ombi moja. Katika somo la tafsiri, chukueni ibara moja ya Mkataba wa 2003, muwape wanafunzi waitafsiri, kisha waisome mbele ya mtu wa Buyenzi ambaye hajawahi kuingia darasa la chuo. Akiuliza swali, waandike upya. Akianza kubishana nao juu ya ziwa, wamefaulu.