Mto wa kudumu au wa msimu: hutambuliwaje?

Wataalamu wa maji huigawa mito na vijito katika makundi matatu: ya kudumu, inayotiririka mwaka mzima, ya msimu, inayokauka kwa miezi kadhaa, na ya muda mfupi, inayopitisha maji baada ya mvua tu.

Pasipo na kituo cha vipimo, dalili huchunguzwa papo hapo mtoni. Konokono wa majini na wadudu wachanga wanaohitaji miezi mingi majini kabla ya kuota mabawa huashiria mtiririko mrefu. Mimea ya nchi kavu iliyoota mizizi katikati ya mkondo huashiria kinyume chake. Maji yaliyoonekana siku moja baada ya mvua hayathibitishi lolote.

Hali ya mto yaweza kubadilika. Nchini Tanzania, Mto Ruaha Mkuu ulikuwa wa kudumu hadi mwaka 1993, ulipoanza kukauka nyakati za kiangazi. Watafiti wameuhusisha ukame huo hasa na maji yanayochepushwa kumwagilia mashamba ya mpunga ya Usangu. Mto huo hulisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Unapokauka, viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hubanana katika madimbwi machache yaliyosalia.